Mara Arobaini na Moja Bila Risasi

Nilianza kazi siku ya Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nikiwa na miaka kumi na minne na miezi miwili. Dakika nazijua kwa sababu ndani ya ule uwanja wa kulenga shabaha, juu ya mlango, kuna saa kubwa ya ukutani, na mimi mtu akinisalimia huwa natazama kitu kingine. Asubuhi ile nilisalimiwa na watu tisa. Saa niliitazama vya kutosha.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Mama anacheka nikisema hivyo, anasema kustaafu ni kwa wenye mvi. Lakini nimepanda vyeo vitatu, nimetumikia wakubwa, na nimeshushwa cheo bila kosa. Kama hayo si maisha ya kazi, sijui maisha ya kazi ni yapi. Ninawaandikia ninyi wadogo zangu wa kundi la vijana kanisani, maana wawili wenu mmeshaniuliza kama kule uwanjani Mobeni nafasi iko. Nafasi iko. Someni kwanza. Na nitawaambia mapema kwamba naandika kwa hasira, tena sijaribu kuificha.

Msifikirie nyasi mkisikia uwanja. Ni ghala la zamani, kati ya kiwanda cha magodoro na bohari ya matairi, limegawanywa vichochoro kumi. Mwisho wa kila kichochoro kuna bamba la chuma limelazwa mshazari na mchanga chini yake, wa kupokea risasi. Wanachama wanakuja na magari yao, wengi kutoka Westville, wanapiga karatasi, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani. Hakipigwi kitu chenye uhai. Nalisema hilo kwa sababu Mama alikataa wiki nzima nisiende. Sisi tumetoka Bukavu, na kwa Mama mlio wa bunduki haukuwahi kuwa mchezo. Msimcheke.

Aliyemlainisha ni Papa Fundi. Mnamjua, ndiye yule Mrundi anayeimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya. Alikuwa mchonga vyuma huko Bujumbura, na mpaka leo anaweza kukwambia unene wa bati kwa kulipitishia ukucha. Hapa Durban, kwenye karatasi ya ajira, yeye ni mfagizi. Kwa sheria haruhusiwi kutengeneza silaha. Anazisafisha tu, mwenye leseni akiwa amesimama pembeni. Lakini kitu kikikwama, hakuna anayeita mfagizi. Wote wanaita Fundi.

Alikuja kwetu Greyville na mkate, akamwambia Mama, "Mama Riziki, huyu mtoto hasemi, lakini anaona. Kule kuna watu wa kusema wengi sana."

Malipo yangu yalikuwa chakula cha mchana na risasi ishirini za kupiga mwenyewe, Ofisa wa Uwanja akiwa ameniwekea mkono begani.

Cheo cha kwanza kilikuwa cha vibandiko. Karatasi ya shabaha ikishatobolewa haitupwi hivi hivi. Unabandika vipande vidogo vya karatasi nyeusi juu ya matundu, inatumika tena kwa mazoezi. Nilibandika mwaka mzima. Vidole vyangu vilinuka gundi hata shuleni.

Cheo cha pili kilikuwa cha kuhesabu pointi. Tundu la risasi likigusa mstari, hata kwa unywele, mpigaji anapewa namba kubwa. Macho ni waongo, hivyo tunatumia kijiti cha shaba chenye ukosi: unakitumbukiza kwenye tundu mara moja, polepole, unatazama kama ukosi umefika kwenye mstari. Hapo ndipo nilipokutana na Mwenyekiti wa chama cha wapigaji uso kwa uso. Aliniletea karatasi yake akasema tundu lile ni tisa. Nilitumbukiza kijiti, nikasema ni nane, kwa sauti ambayo labda meza ilisikia. Akauliza nimesema nini. Ofisa wa Uwanja alikuwa nyuma yangu, mama wa Kizulu aliyefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kuja pale. Wote tunamwita Ma. Akasema, "Kasema nane." Ikaandikwa nane. Mwenyekiti alicheka siku ile, lakini nadhani aliiweka moyoni.

Cheo cha tatu ndicho nilichokipenda: msaidizi wa meza ya usafi, chini ya Papa Fundi. Nilijifunza kwamba mafuta ni tone, si kijiko. Nilijifunza kupitisha kitambaa kwenye mtutu kutoka nyuma kuja mbele, na kwamba kijiti chenye pamba, kile cha masikio, kinajua mambo ambayo jicho halijui, kwa sababu pamba hunasa penye kinundu ambacho hukioni.

Kuna desturi moja ya pale lazima niieleze, maana kila kitu kinakaa juu yake. Kila silaha ya chama ina daftari lake. Silaha mpya ikija, mtu mmoja anateuliwa kuipiga kwanza, risasi kumi. Anaandika maoni yake ya kwanza kabla hajaambiwa neno na yeyote, kisha wakati wa chai anayasoma mbele ya wote. Hakuna kubadilisha hata ukija kugundua umekosea. Ukitaka unaongeza chini, na tarehe yake. Ma anasema daftari ni kumbukumbu ya silaha, na ukiichezea kumbukumbu, umeichezea silaha.

Wiki tatu zilizopita ililetwa bastola mpya ya shabaha, kwa ajili yetu vijana. Na aliyeteuliwa kuipiga kwanza ni mimi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenitaja, mbele ya watu, akasema chama kinawapa vijana nafasi. Usiku uliotangulia nilikunja na kukunjua shati la kazi mara nne.

Ilikuwa ni bastola ya zile risasi ndogo ambazo pale wanaziita tuu-tuu, yaani mbili-mbili kwa Kiingereza. Sikilizeni vizuri hapa, maana hasira yangu yote inatokea hapa. Risasi ya bastola kubwa ina kidonge cha kuwashia baruti katikati ya kitako. Hii ndogo haina kidonge. Dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko wote, na pini ya bastola inapiga ukingo huo, inaubana dhidi ya mdomo wa chemba, mahali risasi inapokaa. Sasa ukifyatua bastola kubwa bila risasi, pini inapiga hewa. Ukifyatua ndogo bila risasi, pini inapiga mdomo wa chemba wenyewe, chuma kwa chuma. Mara moja mbili, labda husikii lolote. Ukirudia rudia, unatengeneza shimo lenye kinundu pembeni, na ukingo wa risasi haubanwi tena vizuri, risasi inakataa kulia. Ndiyo maana Papa Fundi akitaka kusikiliza kifyatulio cha tuu-tuu, anatia kwanza kwenye chemba kile kijiplastiki cha njano ambacho watu wanakizamisha ukutani kabla ya skrubu. Kinaingia sawasawa kama risasi, na pini inakipiga chenyewe. Ana kopo zima.

Mwenyekiti alifungua boksi mezani saa tatu na robo. Yeye ni mtu wa bastola kubwa, miaka ishirini, na vikombe vyake vimejaa kabati. Akaishika, akailenga ukutani, akafyatua bila kitu ndani.

"Sikieni hiyo," akasema. "Kama kuvunja biskuti." (Anasema Kiingereza; mimi naweka Kiswahili.)

Akavunja biskuti nyingine. Na nyingine. Papa Fundi alikuja na kiganja wazi, ndani yake vijiplastiki vitatu vya njano.

"Samahani, bosi," akasema. "Hii haiko kama zile kubwa. Hii pini yake..."

"Fundi, chai iko wapi?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka Jumamosi. Papa Fundi akafunga kiganja akaenda kuwasha birika. Ma alikuwa nje anapokea wageni. Bastola ikazungushwa kwa wanachama, kila mmoja akataka kuonja kifyatulio, ikarudi kwa Mwenyekiti, akaendelea kuelezea akifyatua. Mimi nikiwa na aibu huwa nahesabu. Nahesabu vigae, nahesabu ngazi. Siku ile nilihesabu ile tik, tik. Ilifika arobaini na moja. Midomo yangu ilikuwa imefungwa, na kopo la njano lilikuwa limekaa pale pale mbele yangu.

Halafu nikaipiga. Maoni yangu ya kwanza, kama nilivyoyaandika kwenye daftari siku ile, ni haya: "Mshiko ni wa mbao, umechongwa mahali pa kidole gumba, unajaa kiganja bila kukibana. Mtutu ni mzito mbele kidogo, na hilo ni jema, mkono wangu unatulia. Kilengeo cha mbele ni cheusi kisichong'aa. Taa ya juu haikunisumbua. Kifyatulio ni chepesi lakini kina mahali pa kusimama kabla ya kuachia, kama mgeni anayegonga mlango kwanza. Risasi sita zimelia, tano zikaingia kwenye duara la kumi na lile la tisa. Risasi nne hazikulia. Nilingoja nusu dakika kwa kila moja, bastola ikitazama shabaha, kama tulivyofundishwa. Zilikuwa na alama hafifu sana kwenye ukingo. Bastola hii ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Sijui kwa nini inakataa."

Sentensi ya mwisho ilikuwa uongo. Nilijua, au nilishuku sana. Namba arobaini na moja sikuiandika, kwa sababu niliogopa. Nawaambia hili ili msije mkadhani nimekuja hapa na mikono misafi.

Wakati wa chai nilisimama kusoma, sauti ikanikatalia. Mwenyekiti akalichukua daftari mkononi mwangu, akasema atanisaidia. Alisoma mshiko, akasoma kilengeo, akasoma kifyatulio. Akafika kwenye risasi sita zilizolia, akafunga daftari. Watu wakapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata hali ikawa mbaya zaidi. Bastola ilikataa risasi moja katika kila mbili. Ma aliiweka mezani kwetu, akasimama kando, akamwambia Papa Fundi atafute ugonjwa. Papa Fundi alimpa Ma risasi tano zilizokataliwa, Ma akazipiga kwa bastola yetu ya zamani, ile yenye mshiko uliofungwa kwa utepe. Zote tano zililia. Kwa hiyo risasi hazikuwa na shida. Maganda yake niliomba niyachukue. Kila ganda lina alama mbili ukingoni: moja hafifu ya bastola mpya, kama mtu aliyegonga akakimbia, na moja ya kina ya bastola ya zamani. Kisha Papa Fundi akapitisha kijiti cha pamba kwenye mdomo wa chemba ya bastola mpya. Juu kidogo, pamba ikanasa. Akarudia. Ikanasa pale pale. Ma alikuwa ameshaitwa kichochoro cha tisa, hakuiona hiyo pamba.

Nilimwambia Papa Fundi aende amweleze Ma. Akakunja kijiti cha pamba kwenye karatasi, akaniambia taratibu (yeye kila msichana humwita Mama), "Mama, mimi nilisema siku ile. Nilisema mara moja. Kosa langu ni hiyo mara moja. Sasa nikisema tena, watasema mfagizi anataka cheo."

Nikakasirika naye pia. Halafu nikakumbuka mimi sikusema hata hiyo mara moja.

Jumamosi iliyopita, siku niliyostaafu, nilifika nikakuta Mwenyekiti amesimama kwenye meza yetu. Alikuwa mpole, na upole ule ndio uliniuma. Akasema ameongea na duka lililouza, ameiangalia bastola mwenyewe, na anaona imetiwa mafuta mengi, mafuta yameingia penye pini, pini imelegea. Si kosa la mtu, akasema, watoto wanajifunza. Ila kuanzia leo nirudi kwenye vibandiko, na kwenye shindano la kwanza la vijana bastola ile itapigwa na mwingine, kwa muda, mpaka nikomae.

Mafuta mengi! Mimi ninayetia tone kwa ncha ya sindano. Mimi ambaye Papa Fundi ananitania kwamba ningepika, nyumba nzima ingekula mboga chungu kwa ubahili wa mafuta.

Nilitazama saa: tatu na dakika tano. Alipoondoka nilifungua daftari la bastola, nikaona ukurasa wa kwanza haupo. Umekatwa kwa wembe, vizuri, karibu kabisa na mshono. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mwandiko wake: "Bastola bora. Hitilafu ndogo kutokana na usafishaji uliozidi mafuta, msaidizi."

Msaidizi. Hata jina hakuandika.

Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiacha juu ya kopo la njano, nikatoka. Papa Fundi aliniita mara mbili. Nilitembea mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, taa ikawa ya kijani, nyekundu, kijani tena, na mimi nimesimama nalia kwa hasira.

Mama alikuwa anamsuka mteja nyumbani, mama mmoja wa kutoka Uvira. Nilimwambia nimeacha kazi. Nikamweleza yote, pamoja na ile sehemu yangu ya kunyamaza. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Bon," akasema. "Umeacha kazi ama wamekufukuza? Hayo iko mambo mawili."

"Nimeacha."

"Umeaga nani?"

Nikasema sijaaga mtu.

"Basi hujaacha, umetoroka. Mtu anaachaka kazi kwa mlango." Akavuta msuko, mteja akaguna. "Kesho unaenda. Kwaya itaimba bila wewe. Kwani hata ukiimba, nani anasikiaka?"

Mteja akacheka mpaka kichwa kikatikisika, Mama akamgonga begani kwa kitana atulie. Mimi nikaingia chumbani nikatoa shajara yangu. Nina tabia, tangu darasa la saba, kila ninachoandika mahali pengine nakinakili humo. Maoni yangu ya kwanza yalikuwemo, neno kwa neno.

Asubuhi yake, Jumapili, nilifika Mobeni saa nne kamili, wakati wa chai. Wanachama kumi na wawili walikuwapo. Vijana watatu walikuwa wanajiandaa, na bastola mpya ilikuwa mezani. Papa Fundi alikuwa na ufagio. Jumapili hiyo kwaya ilikosa sauti ya juu na ya chini kwa pamoja.

Mwenyekiti alinikumbusha kwamba vibandiko ni Jumamosi.

"Nimekuja kuaga," nikasema. "Lakini maoni yangu ya kwanza hayakusomwa yote."

Hakuna aliyesikia isipokuwa Ma. Akaweka kikombe chini. "Ntombazane, rudia," akasema; ndivyo Wazulu wanavyomwita msichana. "Mimi niko hapa, lakini wale wako kule."

Nikarudia. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa nene na mbaya, kama ya mtu mwenye mafua. Nikafungua shajara, nikasoma kuanzia mshiko, nikapita mahali alipofunga daftari, nikasoma risasi nne zilizokataa. Nikapanga maganda matano mezani mbele ya Ma. Nikampa kijiti cha pamba, nikamwomba akipitishe kwenye mdomo wa chemba, upande wa juu. Akahakikisha bastola ni tupu, akavaa miwani, akapitisha. Pamba ikanasa. Akarudia, kama mwalimu anayekagua jibu. Ikanasa.

"Hii si mafuta," akasema Ma. "Nani ameifyatua kavu?"

Mwenyekiti akasema kila mtu aliionja siku ile, mara moja moja, ndivyo watu wanavyofanya.

"Mara arobaini na moja," nikasema. "Kumi na moja ni wengine. Thelathini ni wewe, bosi. Papa Fundi alikuja na vijiplastiki ukamtuma chai. Mimi nilihesabu nikanyamaza, na hilo kosa ni langu. Mafuta si yangu."

Kuna mwanachama alianza kucheka akaacha. Ma alikuwa amefungua daftari, anapitisha kidole kwenye ule mshono uliokatwa. Hakuuliza ni nani. Alimtazama tu Mwenyekiti, na Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani.

Ma akanisogezea daftari na kalamu. Nikaandika upya maoni yangu yote, pamoja na ile sentensi ya uongo, na chini yake, kwa tarehe ya siku ile, nikaongeza kwamba sentensi hiyo ni uongo, kisha pini, pamba, maganda, na namba arobaini na moja kwa tarakimu na kwa maneno. Nikaweka jina langu lote. Ma akasema ushahidi kama huu unahitaji saini ya pili, ya aliyekuwepo.

Nikampelekea Papa Fundi kalamu. Akauegemeza ufagio ukutani, akafuta mikono kwenye suruali, akaandika jina lake polepole. Mahali palipoandikwa "Cheo" alisita. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka ukurasa wa chini ukapata alama: FUNDI.

Halafu nikawaaga, mmoja mmoja, nikiwatazama machoni, nikatoka kwa mlango.